Udongo wa Kaburi la Baba Yako

Aika,

Sianzi na salamu. Leo ni siku ya tisa tunapishana kwenye korido ya nyumba hii kama wapangaji wasiopendana, wewe na ndala zako, mimi na sare zangu za kazini, na hakuna aliyemwambia mwenzake hata "umeamkaje". Nikianza na "mwanangu mpendwa" utaguna. Nakujua unavyoguna. Umeguna hivyo tangu una miaka kumi na mitatu.

Naandika Kiswahili makusudi. Kiingereza changu unakikosoa mpaka mbele ya wageni, lakini huku hunipati ng'o. Soma polepole. Ukikwama neno, muulize bibi yako, maana kesho kutwa utakuwa sebuleni kwake na hutakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Sasa hivi ni saa tisa mchana. Wewe umepanda treni ya kijani kwenda Columbia Heights kuaga rafiki zako, begi lako liko wazi kitandani, na mimi nimeingia chumbani kwako bila hodi. Ndiyo, bila hodi. Kuna kitu nilikuwa natafuta pa kukiweka, nitakwambia. Mambo ya dawa za malaria na sweta za baridi ya Machame sikuandikii. Simu unayo, na mama asiyesalimiwa hatoi maelekezo ya sweta.

Nakuandikia kuhusu ule udongo.

Bibi yako hakukuomba nguo wala simu mpya. Aliposikia unakwenda kufundisha shule ya pale kijijini mwaka mzima, alikuomba kitu kimoja tu: konzi ya udongo kutoka kwenye kaburi la baba yako. Auzike kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, pale alipolala babu yako, ili mwanawe naye awe amerudi. Kwao mtu aliyezikwa mbali hurudishwa hivyo. Ukaja jikoni na simu bado mkononi, umekunja uso, ukaniuliza, "Mama, kaburi gani?"

Nikakujibu, "Nitakutafutia." Kisha nikajitia naosha sufuria.

Kwa sababu wewe ulikuwepo, Aika. Ulikuwa na miaka kumi na minane, umesimama ubavuni kwangu nyuma ya kanisa, mbele ya ule ukuta wa matofali wenye vijumba vya majivu ya waumini. Uliona mchungaji akimwingiza baba yako kwenye kijumba kisichozidi boksi la viatu, uliona kile kibao cha jiwe kikifungwa kwa skrubu nne. Ukajua hakuna udongo pale. Matofali, saruji, kibao, basi. Ulichokuwa hukijua siku ile ni kile alichoambiwa bibi yako. Wewe nilikwambia, "Bibi amekubali." Hakukubali. Hakuambiwa chochote cha kukubali.

Kesho yake nikitoka kazini nilipita duka la bustani nikanunua mfuko wa udongo. Nikajaza kopo la siagi ya karanga, nikabandika karatasi, nikaandika "Baba". Mungu wangu. Mtu mzima, nimeosha wazee wa watu mwaka wa kumi na tano huu, nimewafumba macho waliokufa mikononi mwangu, na hiyo ndiyo akili niliyoitumia.

Ukalifungua pale mezani jikoni, ukaligeuzia dirishani. Ukatia kidole. "Mama, una vipunje vyeupe." Vile vipunje vyepesi wanavyochanganya kwenye udongo wa mifuko ili maua yapumue. "Bibi amelima maisha yake yote. Unafikiri hajui udongo?" Nikakwambia avitoe mtu kimoja kimoja kwa uma. Nilisema hivyo kweli, usinisingizie ulevi, nilikuwa mzima kabisa. Ndipo ukaanza kuniuliza moja moja kama polisi, kaburi gani, picha gani ambayo bibi anasema ameitundika, na mimi nikatapika yote.

Ukamwaga kopo zima kwenye sinki, ukasema, kwa hicho Kiingereza chako kinachokata kama wembe, kwamba nilimchoma baba kwa sababu sikutaka kurudi naye nyumbani.

Nami nikakwambia, "Basi ondoka. Nenda ukakae nao, si ndio ndugu zako."

Siku tisa nimeitafuna ile sentensi yako. Nimeamka nayo, nimepanda nayo basi, nimewalisha nayo uji wale wazee pale Silver Spring mpaka mmoja akaniuliza nimegombana na nani. Bado nimekukasirikia. Mtoto hamwambii mama yake maneno yale, hata kama ameyaona yameandikwa usoni pake. Lakini sentensi yako ilikuwa na ukweli nusu, na kinachoniuma ni hiyo nusu. Kaa kitako nikutenganishie.

Nusu isiyo kweli ni hii. Ukuta aliutaka yeye.

Wewe unamkumbuka baba yako kama dereva teksi wa Alexandria ya huku, mtu wa kusinzia mezani na kijiko mkononi. Mimi niliolewa na fundi mwashi. Eliamani alikuwa akipanga tofali, wazee wanasimama barabarani kutazama. Huku hakuna aliyemuuliza anajua nini, wakampa usukani. Kanisa letu lilipoamua kujenga ule ukuta, lilitafuta watu wa kujitolea Jumamosi, wa kubeba matofali tu, mafundi wangelipwa. Baba yako akabeba matofali Jumamosi ya kwanza. Ya pili yule fundi wao akachelewa, baba yako akachukua mwiko wake wa uashi aliokuja nao kutoka Moshi, ameufunga kwenye soksi, akapanga kozi mbili, mistari miwili mizima ya matofali, peke yake. Fundi alipofika akapima kwa pima maji, akaangalia, akamwambia aendelee. Ule ukuta ni wake, Aika. Sikuwahi kukwambia kwa sababu nilikuwa nimeuchukia.

Alipoanza kuumwa vibaya, siku moja yuko kwenye kile kiti cha sebuleni, akaniambia, "Mimi nataka kukaa pale ukutani."

Nikamwambia, "Ukutani? Wewe ni saa?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ameshachagua kijumba, kozi ya chini kabisa, cha pili kutoka kona. Nikamuuliza kwa nini chini, watu wote wanagombania vile vya usawa wa macho. Akanieleza kwamba pale saruji ilimkimbia, kulikuwa na manyunyu siku ile, matofali matatu yamepinda kidogo. Hakuna anayeona ila yeye. "Nikikaa pale, hakuna atakayenisema." Halafu akaongeza, na macho yake yale ya uchokozi, "Na wewe utanipigia magoti ukija kunisalimia. Hujawahi kunipigia magoti tangu nikuoe."

Nikamwambia thubutu.

Hapo ndipo akaacha kucheka. Akaniambia nimwambie mama yake. Yeye hawezi, anaogopa kumsikia mama analia simuni. "Wewe una mdomo," akasema. "Umwambie wewe, asisikie kwa mtu."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kwa mambo mawili: ukutani, na kumwambia mama. Nikatimiza moja.

Nimemkasirikia baba yako miaka minne kwa lile la pili. Mwanaume mzima, jua na mvua hazikumshinda, akashindwa kumpigia mama yake simu akaniachia mimi. Wafu wana bahati, unawagombeza hawajibu. Lakini hasira yangu kwake haifuti kwamba niliitikia.

Sasa nusu iliyo kweli.

Alipofariki, kule nyumbani walikuwa wameshafyeka mahali kihambani. Watanzania wenzetu huku walikuwa tayari kumsafirisha, kila mtu ananipigia, "Mama Aika, tunasubiri neno lako." Simu haikuzima. Nikawaambia ndugu wa baba yako kwamba ameshazikwa, ardhini, ilibidi haraka, sheria za hospitali. Sheria gani? Hakuna sheria. Neno "sheria" nililitoa hewani, na likakubalika, maana mtu wa huku akisema sheria kule hawabishi. Kisha shangazi zako wakaanza: "Tuma picha ya kaburi, Mama anataka kuliona." Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nilikuwa nimekwenda Upper Marlboro, kwenye ofisi za mahakama ya kaunti, kushughulikia karatasi za marehemu. Nikirudi nikaona makaburi kando ya barabara, majani mazuri yamekatwa. Sikupanga. Mguu wenyewe ulikanyaga breki. Karibu na lango kulikuwa na kaburi bichi, maua yamelundikwa, jiwe bado, ila kijiti chenye kadi ya jina. Nikasimama mbele ya kile kijiti, gauni langu jeusi likafunika jina, nikamwomba kijana aliyekuwa anakata majani anipige picha. Akazima mashine. Akavua kofia, akanipa pole. Akapiga tatu, akaniuliza kama nimeridhika.

Nikazituma nikiwa bado nimesimama juu ya mtu.

Bibi yako aliipeleka moja Moshi mjini ikakuzwa, ikatiwa fremu. Utaiona kesho kutwa, iko sebuleni, juu ya redio. Nimesimama nimeinamisha kichwa, mjane kabisa.

Nilidhani nimemaliza. Uongo ule, Aika, ulikuwa kama ng'ombe wa zizini kwetu: haendi malishoni mwenyewe, kila siku lazima umkatie majani. Mwaka uliofuata siku ya kumbukumbu wakaomba picha nyingine. Nikarudi. Jiwe limewekwa, jina la mwanamke limechongwa kubwa. Ikabidi nipige kutokea nyuma. Shangazi yako akauliza mbona jiwe halina maandishi, nikamjibu huku huandika upande wa mashariki. Upande wa mashariki! Nilizungumza kwa ujasiri mpaka nikaanza kuamini.

Mwaka wa tatu nimechuchumaa nyuma ya lile jiwe na simu yangu, nikasikia hatua. Mwanaume wa makamo, ameshika maua ya njano. Akaniuliza, kwa upole, kama nilimfahamu mama yake.

Ningeweza kusema nimepotea. Nikasema, "Ndiyo."

Akauliza wapi. Nikasema tulifanya kazi pamoja zamani. Macho yakamjaa machozi. Akaniambia hakujua kwamba kuna mtu wa kazini anayemkumbuka bado. Akauliza, "Alikuwa anaimba vibaya sana, sivyo?" Nikasema vibaya sana. Akacheka na kulia palepale, akanikumbatia, mtu mrefu, koti lake linanuka baridi. Nami nikamkumbatia. Akanipa ua moja kati ya yale aliyoleta, niliweke mwenyewe kwa mikono yangu.

Nilikaa kwenye gari muda mrefu sana. Nililia kuliko nilivyomlilia baba yako. Ndiyo siku niliyoanza kujichukia, si siku niliyomdanganya bibi yako, na hilo pia linanitia aibu. Kumdanganya bibi yako kulikuwa na raha yake.

Umesoma sawasawa. Raha.

Bibi yako hakunitaka. Siku ya kwanza baba yako aliponipeleka kwao alinitazama kuanzia viatu, akasema mbele ya watu, "Huyu ataenda na mwanangu mbali na hatamrudisha." Watu wakacheka kuficha aibu. Mimi sikucheka. Siku tunaondoka kuja huku, wewe ukiwa mgongoni, nilisimama langoni kwake nikamwambia, "Nitamrudisha, Mama. Utaona." Sikusema kwa upendo. Nilisema kumkomesha.

Sasa fikiria nipige simu niseme: mwanao hatarudi, yuko majivu, yuko ukutani Maryland. Yaani nimwambie kwamba alisema kweli tangu siku ya kwanza. Sikuogopa kwamba atakufa kwa huzuni, ingawa hivyo ndivyo nilivyokwambia siku ile ya kopo. Niliogopa atakuwa na haki. Nikaona afadhali aombee kaburi la mwanamke wa watu kuliko yeye kunishinda. Kiburi tu, mwanangu. Na wewe unacho, nakiona unavyotembea. Ukikosea huko uendako, na utakosea, sema siku hiyohiyo, kabla hawajakuomba picha.

Na kuna moja sijamwambia mtu. Kile kijumba ni cha watu wawili. Siku ile tulipomweka baba yako niliulizwa kama jina langu lichongwe kando ya lake, liachwe na nafasi ya mwaka. Nilikataa. Nikasema nitafikiri. Sikuwa nafikiri. Mimi nilitaka kuzikwa nyumbani, Aika, kwenye udongo mwekundu, na nyimbo, na migomba. Baba yako nimemwacha kwenye matofali, mimi nikajiwekea kihamba. Kwa hiyo uliposema sikutaka kurudi naye, hukukosea sana. Nilitaka kurudi. Bila yeye, bila maswali, nikiwa maiti, pasipo mtu wa kuniuliza kitu.

Haya. Sasa sikia nilichofanya hizi siku tisa, maana sikukaa tu kununa.

Unamkumbuka Dorothy, yule mama mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye funguo na daftari la kanuni za ukuta. Ndiye aliyeondoa maua yangu ya plastiki mara tatu, kila mara ananiachia kikaratasi. Ndiye aliyezima mshumaa wangu Pasaka, kwa vidole vyake, mimi nimesimama hapohapo. Jumanne nilimfuata ofisini nikamwambia nataka kijumba kifunguliwe. Akasema hakifunguliwi. Nikasema mimi ni mjane wake. Akasema kanuni. Nikapiga meza, Aika, kikombe chake kikaruka. Nikamwambia mume wangu alipanga kanuni zake zote hizo, tofali kwa tofali.

Akavua miwani. "Kwa nini unataka kukifungua?"

Nikamweleza. Yote, hadi yule mwanaume wa maua ya njano. Ndiye mtu wa kwanza kuyasikia kwa mpangilio, hata wewe uliyapata vipande vipande. Nilitegemea anipe pole kama wanavyofanya, anishike mkono. Akasema, "Hilo ni jambo baya sana ulilofanya." Nilitaka kumzaba kibao. Halafu akachukua simu akampigia mchungaji.

Alhamisi tulifungua. Mimi, mchungaji na Dorothy na bisibisi yake. Mume wa Dorothy yuko kozi ya tatu, juu kidogo ya baba yako, sikuwahi kujua. Dorothy alinitupia kijamvi chake cha kupalilia maua, nipigie magoti, akapiga magoti kando yangu kwenye saruji tupu, kizee kile. Nilikuwa nimebeba kopo la bati la kahawa, lile la baba yako la kuwekea misumari. Akalikataa. Akasema bati halipiti uwanja wa ndege, mashine haioni ndani, akatoa mkobani kisanduku cha mbao. Ameshafanya hivi kwa watu wengine, nadhani. Hakusema.

Nilichota kwa ule mwiko wa uashi wa baba yako. Mara nne. Si laini kama unavyofikiria, ni chengachenga, kama mchanga wa kujengea. Nikampigia magoti, basi. Alipata alichotaka. Nikamwambia kwa Kiswahili maneno ambayo sikuandikii, hayakuwa mazuri yote.

Na usidhani mimi na Dorothy sasa tumeshibana. Tunatoka getini akanikumbusha kwamba maua ya plastiki bado hayaruhusiwi.

Nilikuwa na majivu. Nilichokuwa sijafanya ni lile la pili. Ningeweza kukukabidhi kisanduku ukamweleze wewe, na nilifikiria, usiku na mchana nilifikiria. Wewe una mdomo pia. Lakini ndivyo baba yako alivyonifanyia mimi, na unaona tulipofika.

Nikampigia leo saa moja asubuhi, kwao saa nane mchana. Wewe ulikuwa bafuni. Akapokea mwenyewe. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anapasua kuni. Akaniita "Mama Aika" kwa furaha, akauliza mtoto anapanda ndege saa ngapi, amemwekea chumba kile cha dirisha kubwa. Nikamwambia, "Mama, kaa chini." Akasema amekaa.

Nikamwambia Eliamani hayuko kwenye lile kaburi. Nikamwambia yuko wapi na yukoje, na kwamba alitaka mwenyewe, na kwamba aliniagiza nimwambie na mimi sikumwambia.

Hakulia. Ningependa angelia. Akauliza, "Mmemchoma mwanangu?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Na ile picha?"

"Kaburi la mama mwingine. Simjui."

Yule mtu wa kuni akawa ameacha kupasua. Kisha bibi yako akasema polepole kwamba miaka minne amemsimulia huyo mwanamke habari za nyumbani. Ng'ombe amezaa, paa limevuja, fulani amefariki. Kila jioni, kabla ya kulala. "Nimemsumbua mtu wa watu," akasema.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikata. Akasema maneno mawili tu, na hakuniita Mama Aika. Aliniita Yunis, jina langu, kama siku ile ya kwanza. "Mlete mwanangu, Yunis. Wewe usije."

Akakata simu.

Kwa hiyo sasa unajua unakoenda. Utafika nyumba yenye hasira, na hasira hiyo ni yangu, si yako. Usinitetee. Nakujua, utanisema wewe mwenyewe mchana kutwa lakini mtu mwingine akinisema unaota pembe. Usithubutu. Bibi yako akinitukana, msikilize mpaka amalize, mpe maji ya kunywa, aendelee. Akikuuliza baba yako alipanga vipi ule ukuta, mweleze. Mwambie kuhusu yale matofali matatu. Hilo atalielewa kuliko mtu yeyote, yeye ndiye aliyemzaa.

Kisanduku kiko kwenye begi lako la mkononi, kimefungwa ndani ya ile kanga yangu ya kijani. Nilikuwa nakitafutia pa kulala, ndiyo maana nikaingia bila hodi. Barua ya wale wa tanuri la kuchomea maiti na ya mchungaji ziko mfuko wa mbele. Usikikabidhi kwa mtu kwenye ndege, usikiweke juu na mabegi. Mpakate.

Mimi nimemwandikia Dorothy ujumbe leo mchana, kwamba jina langu sasa lichongwe, kando ya la baba yako. Amejibu palepale: mwisho herufi kumi na nane. Nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Siku yangu ikifika, Aika, usihangaike na ndugu, usiwaambie sheria. Niweke pale chini. Utapiga magoti.

Sikuombi msamaha kwa yale ya "ondoka", maana na wewe hujaniomba. Tutaona nani ataanza. Pengine itatuchukua mwaka wako wote huo, na mimi nina muda, siendi popote, nimeshakatazwa.

Kesho mchana nitakupeleka uwanja wa ndege, Dulles. Kama bado hutaki kuongea nami, usijilazimishe, kaa nyuma kama abiria. Baba yako atakaa mbele. Nitamfunga mkanda, na tutazunguka ile barabara ya mzunguko, Beltway yote, akinung'unika moyoni ninavyoshika usukani, na tukifika nitakufungulia mlango, nitakukabidhi yeye, na mikono yangu itabaki mitupu.

Mama yako,
Yunis